Daktari, ni hatua ya ngapi?

Kama unataka kusengenywa kijijini kwetu Ihembe, ugua ini. Ukiugua malaria utaletewa uji na pole za kutosha. Ukivunjika mguu watu watakuja kukuchotea maji na kukukatia ndizi. Lakini likitajwa ini tu, basi mwenzangu umekwisha: wewe ni mlevi, hata kama tone la lubisi halijawahi kupita kooni mwako. Na wale ambao hawatasema pombe watasema umelishwa kitu. Kundi la tatu halipo.

Baba yangu mkubwa aliugua ini mwaka 2023, akiwa na miaka 58. Huyu alikuwa mzee wa kanisa, mtu ambaye kwenye harusi alitafutiwa soda yake mapema kabla watoto hawajazimaliza. Pombe aliiona kwa macho tu. Lakini kijiweni habari zilishatoka: mzee alikuwa anakunywa kwa siri, ati usiku, ati pombe yenyewe alikuwa anaifuata hadi mpakani. Ukiuliza nani alimwona, kila mmoja kasikia kwa mwenzake. Wengine wakamgeukia jirani ambaye waliwahi kugombania mpaka wa shamba, wakaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Ilikuwa kasheshe.

Ugonjwa wenyewe ulianza kinyemela. Kwanza uchovu, halafu uzito fulani chini ya mbavu za kulia, kama mtu aliyemeza jiwe. Akatoboa tundu jipya kwenye mkanda, halafu la pili. Miezi minne nzima alikunywa dawa za vidonda vya tumbo alizopewa kwenye zahanati moja ambayo sitaitaja. Mwezi wa tano mkanda ukageuka: mikono na mashavu vinakonda, tumbo linakua. Ndipo akapelekwa kupimwa kwa altrasaundi, na daktari akasema kuna uvimbe mkubwa kwenye ini, twende naye Bugando, Mwanza.

Shangazi yangu ni mwanamke asiyezunguka. Alimuuliza yule daktari pale pale: "Ni kansa? Ni hatua ya ngapi?"

Daktari akajibu kwamba hawezi kusema kwa picha ile moja. Tukarudi nyumbani, na shangazi akatangaza kuwa tunafichwa.

Unajua, sote tuna elimu yetu ya mtaani kuhusu kansa. Tunajua ina hatua nne, ya kwanza unapona, ya nne unaagwa. Tunadhani daktari anaangalia, anasoma namba, anaitamka, kama mtu anayesoma mita ya umeme. Mimi na kidato changu cha nne nilijua hivyo hivyo.

Sasa sikiliza kwa nini swali la shangazi lilikuwa na uzito. Jioni ile familia ilikaa. Baba mkubwa alikuwa na kibanja cha migomba na kahawa alichoachiwa na babu, na makaburi ya babu na bibi yamo humo humo, kama ilivyo desturi yetu. Mnunuzi alishajitokeza, tena mwenye fedha taslimu mkononi. Watoto wakubwa walisema kiuzwe, baba akatibiwe, shamba ni mali na mali hutafutwa. Wadogo zake wakasema hakiuzwi kaburi. Mama mkubwa hakusema lolote, alikuwa anamenya ndizi tu. Mwisho wakakubaliana: auzwe ng'ombe na kahawa iliyokuwa ghalani, hiyo ndiyo nauli na vipimo. Kibanja kitasubiri ile namba. Ikiwa hatua ya kwanza au ya pili, kinauzwa. Ikiwa ya nne, hakiuzwi. Mimi nikapewa daftari na kuambiwa nimsindikize mzee, niandike kila kitakachosemwa, kwa kuwa eti ndiye mwandishi wa ukoo. Gazeti lina faida zake.

Basi ilikuwa ya alfajiri. Siku hizo daraja la Kigongo na Busisi lilikuwa bado halijafunguliwa, lilifunguliwa Juni 2025, kwa hiyo tulivuka kwa kivuko kama watu wote. Mzee aliegemea chuma cha kivuko akitazama nguzo za daraja zilivyosimama majini, akasema, "Hili mtalipita ninyi." Niliandika hilo kwenye daftari kabla ya kitu kingine chochote.

Bugando ipo kilimani, na pale ndipo wagonjwa wa Kanda ya Ziwa wanapokusanyika, kutoka kwetu Kagera, Mara, Geita, Simiyu, Kigoma, kote. Tulikutana na daktari wa kike, kijana, pengine kanizidi miaka mitano tu. Akamwamkia mzee shikamoo, akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Nikafungua daftari na kuuliza lile swali la ukoo. Akatabasamu. Akasema namba atanipa, lakini si leo, kwa sababu kansa ya ini haihesabiwi kama kansa nyingine.

Maelezo yake niliyaandika kurasa sita. Nayasema kwa maneno yangu.

Mtu mwenye kansa ya ziwa ana ugonjwa mmoja. Madaktari wanaangalia uvimbe una ukubwa gani, umefika kwenye tezi au la, umerukia viungo vingine au la, basi wanapata hatua. Mtu mwenye kansa ya ini mara nyingi ana magonjwa mawili kwa wakati mmoja. Uko uvimbe, halafu liko ini lenyewe ambalo lilishaumizwa zamani na kujaa makovu. Unaweza kuwa na uvimbe mdogo ndani ya ini lililokufa, na ukashindwa kufanyiwa lolote. Mwingine ana uvimbe mkubwa ndani ya ini lenye nguvu, akakatwa akaishi. Sisi wa Karagwe tunaweza kulielewa hilo kwa migomba. Ukikuta mgomba mmoja umenyauka unaung'oa. Lakini ukikuta mnyauko umeshika shamba zima, kung'oa ule mmoja kunakusaidia nini?

Kwa hiyo wana maswali matatu. Uvimbe umefika wapi? Ini lililobaki lina nguvu kiasi gani? Na mgonjwa mwenyewe anajimudu vipi? Hili la tatu ndilo lililonishangaza, nitalirudia.

Uvimbe wanautafuta kwa siti skani, lakini si ile ya kupiga picha moja na kuondoka. Ini lina upendeleo ambao viungo vingi havina: linaletewa damu na mishipa miwili. Mmoja unatoka upande wa moyo, nao unaleta kama robo ya damu. Robo tatu zinaletwa na mshipa mkubwa unaotoka utumboni ukibeba chakula, wenyewe wanauita mshipa wa pota. Sasa kansa ina tamaa. Inajitengenezea mirija yake kutoka kwenye ule mshipa wa upande wa moyo, inanyonya huko. Mgonjwa anadungwa dawa mkononi, halafu mashine inapiga picha mara kadhaa, kwa kufuata saa. Sekunde za mwanzo dawa inapofika kwa mshipa wa moyo, uvimbe unang'aa peke yake na ini bado limefifia. Baadaye kidogo mambo yanageuka: ini linang'aa, uvimbe umeshazima. Kwa mtu ambaye ini lake lina makovu, au amekaa na virusi vya homa ya ini aina ya B kwa muda mrefu, kuwaka na kuzima kwa namna hiyo kunatosha kusema hii ni kansa ya ini. Mara nyingi hakuna haja hata ya kuchukua kinyama kwa sindano. Na ni afadhali, maana ini bovu linachelewesha damu kuganda, na sindano inaweza kuleta balaa la kuvuja.

Picha hizo hizo ndizo zinazohesabu: vimbe ni ngapi, kila mmoja una sentimita ngapi, umeingia ndani ya mshipa au la. Wanapiga na kifua, kwa sababu kansa hii ikihama hupenda kukimbilia mapafu. Pia kuna kipimo cha damu kinachotafuta protini fulani ambayo ini la mtoto tumboni hulitengeneza kwa wingi, likaacha akizaliwa. Ini la mtu mzima likianza kuitoa tena kwa wingi, hapo pana jambo. Ila daktari alinionya kwamba kuna kansa zisizoitoa kabisa, na kuna maini yanayoitoa bila kansa, kwa hiyo hicho ni shahidi tu, si hakimu.

Swali la pili, nguvu ya ini, lina hesabu yake ambayo hata mtoto wa darasa la tano anaiweza. Ilianzishwa mwaka 1964 na madaktari wawili wa Marekani, Child na Turcotte, na mwaka 1973 Pugh wa London akairekebisha. Wanachukua mambo matano. Uchafu wa manjano katika damu, uitwao bilirubini. Protini iitwayo albumini, ambayo ini ndilo kiwanda chake. Muda wa damu kuganda. Maji tumboni. Na akili ya mgonjwa, imetulia au imeanza kuchanganyikiwa, maana ini likishindwa kusafisha damu sumu inapanda kichwani. Kila jambo linapata alama 1, 2 au 3. Jumla 5 au 6 ni kundi A, ini bado lina nguvu. 7 hadi 9 ni B. 10 hadi 15 ni C, na hapo ini limechoka.

Kipimo cha akili ndicho kilichonifurahisha. Daktari alimwambia mzee anyooshe mikono mbele na kukunja viganja juu, kama mtu anayesimamisha basi. Anaangalia kama viganja vinapigapiga kama mbawa za kuku. Havikupiga. Akamuuliza leo siku gani.

"Jumanne," mzee akasema. "Na usiku sikulala kwa mbu wa Mwanza, hilo nalo andika."

Akaulizwa mia moja toa saba.

"Kilo mia toa saba? Mwanangu, hiyo ndiyo hesabu wanayotufanyia kwenye mizani kila msimu wa kahawa."

Alama 1, akili ipo timamu.

Halafu swali la tatu. Nilidhani daktari anapiga soga tu. Mzee, unaoga mwenyewe? Unavaa mwenyewe? Shambani unaenda? Mchana unalala saa ngapi? Mzee akajibu kwamba anaoga mwenyewe, jembe ameliacha tangu mwezi wa nne, na mchana anajilaza lakini si sana, anapenda kukaa kibarazani kuona watu. Daktari akaandika namba 2. Kumbe kuna kipimo kinachoanzia 0 hadi 4: 0 ni mtu anayefanya kazi zake zote, 2 ni anayejihudumia lakini kazi hawezi na yuko macho zaidi ya nusu ya mchana, 3 ni anayeshinda kitandani zaidi ya nusu ya siku, 4 haamki kabisa. Na namba hii inaingia kwenye hatua! Yaani watu wawili wenye uvimbe wa ukubwa ule ule wanaweza kuwa hatua tofauti kwa sababu mmoja anaoga mwenyewe na mwenzake anaogeshwa.

Nilimuuliza mpango huu nani kautunga. Akasema ule unaotumika sana sasa ni wa Barcelona, ulitolewa mwaka 1999. Msomaji, siyo Barcelona ya Messi, ni ya kina Llovet na Bruix, madaktari wa ini wa mji huo huo. Kabla yao, mwaka 1985, Mjapani Okuda alitoa wake. Lakini kuna mwingine wa kabla ya wote hao, na huo nataka watu wa kwetu waujue, kwa sababu ulitoka Kampala, mji ambao sisi wa Karagwe tunauona uko karibu kuliko Dar es Salaam.

Mwaka 1975 jarida la Cancer lilichapisha kazi ya Aaron Primack na wenzake, akiwamo Sebastian Kyalwazi, yule daktari wa upasuaji wa Mulago, kuhusu namna ya kupanga hatua za kansa ya ini kwa wagonjwa wa Uganda. Kumbuka enzi zile hakukuwa na siti skani Kampala. Wakatazama wagonjwa wao na kuona ni mambo gani yanayotangulia kifo. Walibaki na manne: maji tumboni, kupungua uzito, dalili kwamba damu imekwama kuingia kwenye ini, na ile bilirubini. Mgonjwa asiye na hata moja ni hatua ya kwanza. Bilirubini ikipanda kupita kiasi walichokiweka, ni hatua ya tatu, na kwao ya tatu ndiyo ya mwisho. Macho, mizani na kipimo kimoja cha damu, basi. Leo ukiutazama mpango wa Kampala unaona kwamba hawakupima uvimbe hata kidogo, walilipima ini na mtu. Wazungu waliokuja baadaye na mashine zao wameuongezea uvimbe, lakini ini na mtu wamebaki mle mle. Mimi hili lilinipa raha ambayo siwezi kuieleza, nikiwa nimekaa kwenye benchi la hospitali na daftari langu.

Majibu yalitoka baada ya siku sita. Uvimbe mkubwa mmoja wa sentimita 9, kama embe la wastani, na midogo miwili. Mmoja umeshatia mzizi ndani ya mshipa wa pota. Mapafu safi. Bilirubini 41, alama 2. Albumini 30, alama 2. Damu kuganda, alama 1. Maji tumboni kidogo, 2. Akili, 1. Jumla 8, ini la kundi B. Virusi vya homa ya ini aina ya B vipo.

Mpango wa Barcelona hauna ya kwanza hadi ya nne, una 0, A, B, C na D. Ile 0 ni uvimbe mmoja usiozidi sentimita 2, mkubwa kidogo tu kuliko tunda la kahawa lililoiva. A ni uvimbe mmoja, au vitatu visivyozidi sentimita 3 kila kimoja. Hao ndio wanaoweza kukatwa, kuchomwa uvimbe kwa sindano ya moto, au kubadilishiwa ini, jambo ambalo kwetu watu hulifuata nje. B ni vimbe vingi ambavyo bado vimo ndani ya ini. C ni kansa iliyoingia kwenye mshipa au kuhama, au mgonjwa aliyeanza kuishiwa nguvu kwa sababu yake. D ni ini lililokwisha au mtu aliyelala moja kwa moja.

Mzee alikuwa C. Kwa sababu ya ule mzizi kwenye mshipa.

Daktari hakutukimbiza. Alieleza kwamba kukata haiwezekani. Viko vidonge vya sorafenibu, na akatupa ukweli wake: katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2008, waliovitumia waliishi kiasi cha miezi 10.7 na wasiovitumia miezi 7.9, na hao karibu wote walikuwa watu wenye ini la kundi A. Kwa ini la B faida yake haijulikani vizuri. Zimekuja na dawa nyingine za mshipa tangu mwaka 2020, nzuri zaidi, lakini bei yake ni ya kuuza vibanja vya ukoo mzima. Aliweza kumtoa maji, kumpa dawa ya virusi, kumtuliza maumivu.

Niliandika yote. Mzee alikuwa ananisikiliza nikirudia tarakimu. Akaniuliza ile tofauti ya 10.7 na 7.9 ni ngapi.

"Miezi miwili na siku themanini za robo," nikaanza kujikanyaga.

"Sema vizuri, mwanangu."

"Karibu miezi mitatu, baba mkubwa. Na hiyo kwa wenye ini zuri kuliko lako."

Akakaa kimya. Wagonjwa wengine walikuwa wanakula, kulikuwa na harufu ya samaki. Kisha akasema kibanja kisiuzwe, na nimpigie simu shangazi nimwambie hivyo kwa sauti yake yeye, siyo ya daktari. Nikapiga, nikamshikia simu sikioni. Akazungumza Kinyambo muda mrefu. Sehemu kubwa ilikuwa ni kuhusu kahawa, ipi ipogolewe na ipi ing'olewe.

Watu wengine wa kwetu walisema tumemwacha mzee afe kwa kuogopa gharama. Nasikia mpaka leo. Sina hasira nao, ila nasema hivi: ingekuwa A, kibanja kingeuzwa asubuhi ile ile, na yeye mwenyewe angetia dole gumba. Ukoo wetu haukukataa kuuza. Ulikuwa unauliza fedha hiyo inanunua nini, na tulijibiwa.

Alirudi Ihembe, akaketi kibarazani kuona watu kama alivyopenda. Tulipewa mofini ya maji, ile ya kunywa kwa kijiko, na siri yake ni kumpa kwa saa, usisubiri alie. Uganda wamekuwa wakiitengeneza kwa bei ndogo tangu lilipoanzishwa shirika la Hospice Africa mwaka 1993, na kwetu pia ipo ukiulizia. Wakati wa mwisho mikono yake ilianza kupiga kama mbawa, na nilijua inasema nini kabla ya wengine, nikawaita wanawe. Alifariki Februari 2024. Kazikwa kwenye kibanja, kando ya babu.

Sasa kuna agizo moja la daktari ambalo sijalieleza. Ukurasa wa mwisho wa daftari nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa: WATOTO WOTE, MKE, NDUGU, WAPIMWE B.

Kirusi hiki ndicho kilichomuumiza mzee, siyo lubisi wala jirani. Kinapita kwa damu, kwa kujamiiana, na zaidi sana kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto anapozaliwa. Ukikipata utotoni kinakaa kimya miaka thelathini, arobaini, kikilichora ini makovu huku wewe unalima. Shirika la Afya Duniani lilisema watu milioni 254 walikuwa wanaishi nacho mwaka 2022. Na ukiongeza sumukuvu, ile ya mahindi na karanga zilizoota ukungu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, hatari ya kansa inazidishwa, si kujumlishwa. Sisi tunakula ndizi, lakini karanga za kuoza nazo tunazisaga, tusijidanganye.

Tulijazana wanaukoo kumi na tisa kwenye benchi la maabara. Hapa kuna kitu cha kuchekesha kidogo. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya kirusi hiki mwaka 2002. Mimi ni wa mwaka 1999. Mdogo wangu wa 2004, ambaye hata kufua soksi zake hajui, anatembea na kinga yake tangu kunyonya, na mimi kaka mtu nimekaa nasubiri majibu huku magoti yanagongana. Nilitoka salama, nikachanjwa sindano zangu tatu: leo, mwezi mmoja baadaye, na mwezi wa sita. Watu wazima wengi tunajilipia, lakini si fedha ya kukutoa roho.

Dada yetu, binti wa tatu wa mzee, hakutoka salama. Anacho.

Alikuwa amechumbiwa. Kijana wa Kyerwa, fundi wa pikipiki, mpole, mahari ilishaanza kulipwa. Hebu fikiria, dada huyu ametoka kumzika baba kwa ugonjwa huu na sasa anaambiwa mbegu yake anayo. Vipimo vilipoonyesha ini lake bado zima lakini kirusi kinazaana kwa kasi, akaandikiwa tenofoviri. Hapo kasheshe ya pili: tenofoviri ni dawa inayotumiwa pia na watu wenye virusi vya Ukimwi. Kopo ni lile lile. Aliyeliona kwenye pochi yake alilitangaza kisimani kabla dada hajafika nyumbani.

Mimi nilimshauri amwambie mchumba mapema, kabla kisima hakijafika Kyerwa. Shangazi akasema asiseme mpaka ndoa ifungwe. Nadhani unajua nilivyomjibu shangazi, kwa heshima zote. Dada aliamua mwenyewe. Alimwita kijana, akachukua daftari langu, lile lile la Bugando, akamfungulia kurasa za mzee. Akamwonyesha alama zilivyojumlishwa. Akamwambia: mimi sipo kwenye herufi yoyote ya hizi, sina uvimbe, lakini nitapimwa kwa altrasaundi kila miezi sita, na kidonge kila siku, na ikitokea kitu kitakamatwa kikiwa na ukubwa wa kahawa. Wewe kapime. Ukiwa huna, kuna chanjo. Ukitaka kuondoka, mahari tutarudisha.

Yule bwana alikaa kimya muda mrefu akipekua. Akauliza swali moja tu, kwamba watoto je? Dada akamwambia kuna namna ya kuwakinga: mama anakunywa dawa, mtoto anachanjwa mapema.

Akaenda kupima, akawa hana. Sindano ya kwanza alichomwa wiki ile ile, ya pili alipitiwa kwa siku nne kwa sababu ya pikipiki ya mteja, akasutwa na shangazi yule yule aliyesema isisemwe. Ya tatu ni mwezi ujao. Harusi tumeipeleka Desemba, wakati wa senene, ili tusihangaike na kitoweo cha wageni wa Kyerwa.